Mbwa Aliyemtazama Zenovia

Zenovia alinyonya mara mbili, na hilo ndilo lililomharibia maisha. Mama yake alimwachisha ziwa akiwa na mwaka na nusu, akapaka masizi kwenye titi kama wanavyofanya wote pale kwetu, wiki ikapita. Mtoto akalia mpaka midomo ikawa myeusi. Mama akashindwa, akampa tena. Bahati mbaya jirani alikuwa anapita uani. Kufika Jumapili, kijiji kizima cha Runcu kilikuwa kinajua kwamba yule mtoto amerudishwa ziwani, na aliyerudishwa ziwani ana jicho. Akikitazama kitu kizuri, kitu hicho kinaharibika.

Mimi nilimfahamu akiwa na miaka hamsini na kitu, mjane, mkuu wa zizi la mlimani juu ya Runcu. Kazi yangu ilikuwa kutia bati masufuria ya shaba. Sufuria la kugandishia maziwa bati lake likichakaa linatia sumu kwenye jibini, kwa hiyo fundi kama mimi hakosi ugali wake popote penye kondoo. Kila kiangazi nilipanda na mzigo mgongoni, zizi hadi zizi, na nimeona watu wengi huko juu. Huyu peke yake ndiye ambaye nilikaa miaka saba bila kujua rangi ya macho yake. Aliongea na viatu vyako. "Karibu, fundi," angesema. "Mbona hicho kisigino kimeisha upande mmoja?"

Bibi harusi akipita njiani, Zenovia aligeukia ukuta mwenyewe, bila kuambiwa. Watoto wachanga walifungwa uzi mwekundu mkononi, na mama zao wakimwona kwa mbali walitema mate mara tatu, ptu, ptu, ptu. Hawakutema kwa chuki. Walitema kama mtu anavyopiga chafya. Ila jibini lake lilikuwa zuri kuliko yote bondeni, na ndiyo maana walimpa kondoo wao awapandishe mlimani. "Jibini halioni," walisema, wakacheka, wakala.

Sasa niseme habari ya mbwa.

Alikuwa na mbwa watano wakubwa kama ndama, kila mmoja ananing'inizwa kipande cha mti shingoni, kinachompiga magotini asiweze kukimbiza paa. Mbwa wa Zenovia walijulikana kwa ukali, na watu walidhani ni damu. Mimi nilidhani hivyo hivyo, mpaka siku moja nikamwona anavyowalisha watoto wa mbwa. Alishusha kitambaa cha kichwa mpaka puani, akaenda kinyumenyume na ndoo ya maji ya jibini, akaiweka, akaondoka upesi kama aliyeiba. Aliogopa kuwaua. Na wachungaji wake, kwa kumwiga au kwa uvivu, nao hawakuwatazama.

Basi mbwa wale walikua wakijua kwamba binadamu ni miguu miwili na ndoo. Hawakujua kwamba juu ya miguu kuna uso, na kwamba uso unaweza kuulizwa jambo. Wakiona kitu kigeni, hawakugeuka kuuliza. Walikwenda tu.

Aliyewazidi wote alikuwa Samur, mweusi kama ndani ya bomba la jiko. Mwaka uliotangulia alimshika paja mchumaji uyoga mmoja, na mtu yule mpaka leo anatembelea fimbo. Lakini ni Samur huyo huyo aliyesimama peke yake mbele ya dubu wakati wenzake wanne wamejificha chini ya kitanda cha wachungaji. Mwaka ninaousimulia, dubu alishuka mapema. Theluji ilikuwa bado kwenye makorongo, naye alikwisha kuchukua kondoo wanne. Mizoga hatukuiona. Tuliona tu kengele moja, imewekwa juu ya jiwe, kana kwamba kuna mtu aliyeivua.

Asubuhi moja nikiwa na sufuria juu ya moto, alikuja Ilarie. Nusu ya kondoo wa zizi walikuwa wake, na ndiye mwindaji mwenye kibali pale Runcu. Alisimama nje ya ua, bunduki begani, hakuingia.

"Zenovia!" akaita. "Baada ya wiki mbili tunapima maziwa."

"Najua," Zenovia akaviambia viatu vya Ilarie.

Siku ya kupima maziwa kijiji chote hupanda, wake kwa waume, na chupa za pombe ya matunda. Kila mtu hukamua kondoo wake mwenyewe mbele ya wenzake, ili ijulikane fungu lake la jibini kwa kiangazi chote. Ni sherehe. Siku hiyo mbwa akimng'ata mtu, zizi limekwisha heshima.

"Mkwe wangu Anghelina atakuja na mjukuu wangu," Ilarie akasema. "Mbwa yule akigusa hata upindo wa sketi ya mtu, namlaza palepale."

"Nitamfunga."

"Mwaka jana alikata mnyororo. Mnyororo, dada yangu, si kamba ya nguo."

"Na dubu akija, utamlaza nani?"

"Dubu ni wa Mungu. Mbwa ni wako."

Pricop, mchungaji mzee aliyekuwa akikoroga ugali, akainua mwiko. "Na mimi nikimng'ata mtu, Ilarie?"

"Wewe Pricop utamng'ata kwa nini? Kwa ufizi?"

Tukacheka, hata Zenovia. Lakini Ilarie alipogeuka kuondoka, Samur alikuwa amesimama nyuma yake njiani, kimya, shingo na mkia vimenyooka, hapepesi. Hatukumsikia akija. Ilarie alisimama palepale muda mrefu, mkono ukitambaa taratibu kuelekea bunduki. Zenovia akaita, "Samur! Samur!" Mbwa hakusogeza hata sikio. Mwishowe Pricop aligonga ndoo na mwiko, na Samur akaja kwa ajili ya ndoo.

"Wiki mbili," Ilarie akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilipokuwa kijana jeshini nilipangiwa kuwapikia mbwa wa mpakani. Shule yangu ni madarasa manne, na miaka miwili ya supu ya mifupa. Lakini macho nilikuwa nayo. Sajini mmoja mwembamba pale alikuwa anasema hivi: "Mbwa akikukazia jicho na mwili wake umekauka kama gogo, anakuuliza kama unataka vita. Akikutazama masikio yamelegea, anakuuliza unataka nini. Hayo ni maswali mawili. Mjinga huyajibu sawasawa, ndiyo maana anang'atwa."

Nilimweleza Zenovia. Nikamwambia mbwa wako hajui swali la pili, hakuna aliyemfundisha, na inawezekana kumfundisha. Unachuchumaa ubavuubavu, usimwinamie kutoka juu kama mwizi. Unashika kipande cha jibini kwenye ngumi, ngumi pajani. Atanusa ngumi, atailamba, ataikwaruza. Wewe nyamaza. Akichoka atainua macho akuone usoni, mara moja tu, kama umeme. Hapo hapo mwambie "aha," fungua ngumi. Kesho tena. Usimng'ang'anie macho, pepesa, geuza uso kidogo, aone kwamba hutaki ugomvi.

Alinisikiliza huku anakunja aproni yake ikawa kama kamba.

"Fundi," akasema, "unanifundisha kumuua."

"Ilarie atamuua vilevile."

Jioni nilimwona nyuma ya zizi, amechuchumaa ubavuubavu, ngumi pajani.

Mbwa alikuwa tayari siku ya tatu. Zenovia hakuwa. Samur alinusa ngumi, akakaa, akainua kile kichwa chake kizito, akatafuta uso, na uso ulikuwa umeinamia chini. Akatafuta tena. Akatoa mlio mdogo puani ambao sikuwahi kumsikia nao. Siku tatu nilitazama jambo hilo, mbwa akimtafuta mtu na mtu akijificha, mpaka nikaacha kutazama kwa sababu liliniuma.

Siku ya sita Zenovia aliinua macho. Mimi nilikuwa mbali na sikusikia kitu. Niliona tu mgongo wake umetetemeka, na mkia wa Samur umegusa majani mara moja.

Asubuhi yake Samur aliamka anachechemea, mguu wa mbele umevimba.

"Haya," Pricop akasema, mate yakaenda chini mara tatu. "Jicho hilo. Kamtazama mara moja, mguu huo. Akimtazama mara mbili tutamzika."

Zenovia alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imefunika uso. Nilimshika mguu yule mbwa wakati Pricop amemtia kichwa ndani ya gunia. Katikati ya vidole kulikuwa na mwiba wa mwaridi wa porini, mrefu kama msumari mdogo. Niliutoa nikamwonyesha Pricop.

"Naona," akasema. "Na nani aliyeuweka hapo?"

Akaenda akamfunga Samur uzi mwekundu, juu ya kile kipande cha mti. Siku tatu Zenovia hakumwendea. Siku ya nne mbwa mwenyewe alikuja akaketi mbele yake, hakuna jibini, hakuna ngumi, akamtazama. Akangoja.

Siku ya kupima ilikuja na ukungu. Watu walipanda wakiimba, sauti zao zikifika kabla yao, na mbwa wanne walifungwa. Samur naye alifungwa, minyororo miwili. Mpaka saa tano mambo yalikwenda vizuri. Walikamua, wakabishana, Pricop akaonjeshwa kila chupa na kusema kila moja ni mbaya kuliko iliyopita, aonjeshwe tena ili ahakikishe.

Anghelina alifika mwisho. Alikuwa msichana mwembamba, mtoto kifuani ndani ya shali, na alipita nyuma ya zizi ili asikutane na Zenovia. Alifanya hivyo kwa kumkwepa yeye, na kwa kumkwepa yeye akaenda moja kwa moja kwa Samur.

Tulisikia mnyororo. Mara ya kwanza, halafu ya pili, halafu ukimya.

Samur alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwa Anghelina, vipande vya mnyororo vikining'inia, mwili umekauka kama gogo. Hakubweka. Alikuwa anaitazama ile shali iliyokuwa ikicheza kifuani mwa yule msichana, kitu kigeni kinachosogea na kulia. Upande wa pili Ilarie alikuwa ameinua bunduki lakini mkwe wake alikuwa kwenye mstari. "Lala chini!" alikuwa anapiga kelele. "Anghelina, lala!" Na kama angelala, ungekuwa mwisho.

Zenovia alitoka mlango wa jiko la jibini na mikono imelowa.

"Usimtazame mtoto!" wanawake wakapiga kelele. "Zenovia! Macho chini! Macho chini!"

Anghelina aliposikia jina hilo akashtuka, akavuta shali kumfunika mtoto uso, na mbwa akaona mwendo ule. Miguu ya nyuma ikajikunja.

Zenovia akavua kitambaa kichwani, akainua uso. Ili aonane na mbwa ilibidi atazame upande ule ule aliko mtoto, hakukuwa na njia nyingine. Hakupaza sauti. Alisema "Samur" kama mtu anayemwita mwenzake mezani.

Sikio moja likageuka. Kisha kichwa. Yale macho yalitoka kwenye shali yakaja yakatua kwenye macho ya Zenovia, na yakabaki hapo. Niliona masikio yakilegea. Niliona swali la pili.

"Aha," akasema Zenovia. "Njoo."

Akaenda. Akaketi miguuni pake akamwinulia uso, na watu zaidi ya hamsini wakitazama. Ilarie akashusha bunduki. Nilidhani mambo yamekwisha. Mpaka nikasikia Anghelina akisema, polepole, kama anayesoma herufi: "Amemtazama mtoto wangu."

Waliteremka mapema siku ile, na hawakuimba.

Siku ya tatu waliwahi kupanda kuliko jua. Ilarie na wanaume watatu. Mtoto ana homa, hanyonyi, analia bila machozi. Wazee wa kike wamedondosha makaa tisa kwenye maji, na yote tisa yamezama, ndiyo alama ya jicho.

"Unajua desturi," Ilarie akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Aliyefunga ndiye anayefungua. Shuka, umtemee mtoto mate kwenye paji, umpapase. Mimi nitabaki hapa na mbwa wako."

"Wewe ubaki kwa nini?"

"Ili urudi." Akaketi kwenye kigogo, bunduki magotini, mtutu ukielekea kwa Samur aliyefungwa minyororo mitatu. "Ukirudi na habari nzuri, namwachia. Wakija hawa bila habari nzuri, basi."

Zenovia akaniangalia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya kijivu yenye ukijani, kama maji ya mto kabla ya mvua kubwa.

"Nikifanya hivyo nimekiri," akasema.

"Usipofanya?" Pricop akauliza, na yeye safari hii hakuwa anatania.

Alichuchumaa mbele ya Samur, akamngoja amtazame, akamwambia, "Kaa." Tukashuka.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake na moshi wa ubani. Mtoto alikuwa amelala magotini mwa Anghelina, shavu moja jekundu. Alikuwa anatafuna ngumi yake, mate yanamchuruzika mpaka shingoni. Nilichungulia. Ufizi wa chini ulikuwa umevimba, una doa jeupe.

"Jamani, hili ni jino," nikasema.

"Fundi," bibi mmoja akanijibu, "wewe tazama masufuria."

Anghelina aliinua uso. Alikuwa hajalala siku tatu na hasira ilikuwa imekwisha ndani yake. "Mama," akamwambia Zenovia, "mguse. Nakuomba. Mguse."

Zenovia alimtazama mtoto wazi, mbele ya wote. Akatema mate mara tatu, akampapasa paji kwa kidole gumba, akakaa naye hapo. Saa zilikwenda. Mchana mtoto alilia kilio kimoja kikali, kisha akanyamaza, akatafuta ziwa. Jasho likamtoka. Bibi yule yule alipompitishia kijiko mdomoni kililia tik.

"Mnaona!" akasema. "Ameondoa!"

"Kijiko kimegonga jino," nikasema.

"Ameliondoa jicho, na lilikuwa lake. Mnaona sasa."

Wote walikuwa wanamshukuru Zenovia, wakimbusu mkono, na huku wakirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Anghelina peke yake hakusogea.

Tulipanda mpaka kwenye msonobari uliopigwa na radi. Hapo akasimama.

"Fundi. Unadhani lilikuwa jino?"

"Jino."

"Mimi sijui," akasema. "Nilipomtazama niliona alivyo mzuri. Sijawahi kumwona mtoto mzuri hivyo."

Zizini Ilarie alikuwa palepale tulipomwacha. Pricop alisema hakula wala hakuenda msalani. Mbele yake, mwisho wa minyororo, Samur alikuwa ameketi na kumkazia jicho.

"Hajapepesa," Ilarie akasema bila kugeuka. "Tangu asubuhi. Mtoto?"

"Amepona," akasema Zenovia.

Kwa sauti yake mbwa aligeuka, akatafuta macho yake, akayapata, akalala chini kama mzigo uliotuliwa. Ilarie akasimama. Magoti yake yakalia. Nilidhani atafurahi, na nadhani alifurahi, lakini alipofika karibu na Zenovia aliinamisha kofia mpaka puani, akapita ubavuubavu.

"Basi ni kweli," akasema chini ya kofia. "Mbwa ni wako, mchukue." Akatema mate mara tatu.

Vuli kondoo walishushwa. Masika yaliyofuata hakuna hata mtu mmoja wa Runcu aliyempa Zenovia kondoo wake. Hata jibini lake walisema lina ladha mbaya. Alipanda na kumi na mmoja, wake mwenyewe, na eneo alilopata lilikuwa upande wa kaskazini, kwenye majani membamba, mahali dubu anapopita. Pricop hakumfuata. Alisema miguu inamuuma.

Nilimtembelea Agosti kwa ajili ya sufuria moja dogo. Ilikuwa mchana, hakuna upepo. "Karibu, fundi," akasema, na alisema usoni pangu. Samur alikuwa ubavuni pake, ule uzi mwekundu umepauka shingoni. Alinitazama, akamtazama yeye. Zenovia akapepesa. Mbwa akanipisha nikapita.

Nilikuwa nafungua mzigo nilipomwona Samur akiinuka. Alitazama misonobari nyuma yangu, mwili umekauka. Kisha akamtazama Zenovia. Kisha misonobari. Kisha Zenovia tena, na safari hii hakuondoa macho. Kondoo walikuwa wameacha kula.

"Ingia ndani, fundi," Zenovia akasema taratibu, bila kuacha kumtazama mbwa. "Leo hutashuka."

"Dubu?"

"Dubu au mtu," akasema. "Bado hajaniambia."